Koti la yuro 252 lililofika likiwa la yuro 347

Mnunuzi anaishi Dublin. Muuzaji ana duka la nguo la mtandaoni, na ghala lake liko Manchester. Watu hawa wawili na koti lao nimewatunga ili hesabu ionekane vizuri bila kumchongea mtu yeyote, lakini viwango vya kodi, sheria na mipaka ni vya kweli.

Koti ni la mtu mzima, limeshonwa China. Tovuti ya duka inaonyesha bei kwa yuro: 240 kwa koti, 12 kwa usafirishaji, na chini yake maneno mawili, "kodi imejumuishwa". Mnunuzi analipa yuro 252 kwa kadi na kuihesabu biashara hiyo imekwisha. Siku chache baadaye anapata ujumbe kutoka kampuni ya usafirishaji: koti limefika, lakini halitoki mpaka alipe yuro 95.16 za ushuru wa forodha na VAT (kodi ya ongezeko la thamani), pamoja na ada yao ya kushughulikia nyaraka.

Kwanza anadhani ni matapeli. Si matapeli. Analiandikia duka, nalo linamjibu kwamba hizo ni kodi za nchi yake na wao hawahusiki. Anaiuliza kampuni ya usafirishaji, inamwambia wao ni wakusanyaji tu kwa niaba ya forodha. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo maana hayamsaidii. Analipa, anachukua koti, na ukiiweka pembeni ile ada ya nyaraka, koti limemgharimu yuro 347.16.

Swali analouliza ni la haki kabisa: kama kodi ilikuwa imejumuishwa, hii nyingine ni ya nini?

Nani anaachilia, nani anadaka

Kodi ya ongezeko la thamani inamlenga mlaji. Muuzaji anaikusanya tu njiani, kila mmoja katika mnyororo akikatwa kwenye thamani aliyoongeza yeye, hadi mzigo wote umfikie mtu wa mwisho anayetumia kitu. Mfaransa Maurice Lauré alipoubuni mfumo huu, na Ufaransa ikaanza kuutumia mwaka 1954, ulikuwa wa ndani ya nchi moja. Bidhaa ikivuka mpaka, kunazuka swali ambalo soko la ndani halina: mlaji yuko nchi nyingine, sasa kodi ni ya nani?

Jibu ambalo karibu dunia nzima imelikubali, na ambalo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, ililiweka kwenye miongozo yake ya kimataifa ya mwaka 2015, ni kwamba kodi ni ya nchi ya mlaji. Nchi inayotuma inaachilia, na inayopokea inadaka. Kuachilia maana yake bidhaa inayosafirishwa nje inatozwa kiwango sifuri. Hilo si sawa na msamaha wa kodi, kwa sababu muuzaji wa kiwango sifuri bado anarudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, wakati mwenye mauzo yaliyosamehewa harudishiwi. Kwa hiyo koti linatakiwa livuke mpaka likiwa safi, bila hata senti ya VAT ya Uingereza ndani yake, kisha Ayalandi ilitoze kana kwamba limeuzwa Dublin.

Kuachilia na kudaka ni matendo ya watu tofauti. Kudaka hufanywa na forodha, na forodha haisahau. Kuachilia hufanywa na muuzaji, peke yake, kwenye mipangilio ya duka lake. Mfumo hauna mtu aliyesimama katikati kuhakikisha kwamba mkono wa kwanza umefunguka kabla wa pili haujafunga. Kisa chetu kimezaliwa hapo.

Kwa nini duka lilikosea

Sidhani duka lilianza kwa nia mbaya. Hadi tarehe 31 Desemba 2020, Uingereza ilikuwa bado ndani ya kanuni za Umoja wa Ulaya za VAT na forodha. Duka la Manchester likimuuzia mtu wa Dublin, hayo hayakuwa mauzo ya nje. Yalikuwa mauzo ya mbali ndani ya soko moja. Kama mauzo yake kwa wateja wa Ayalandi hayakufika yuro 35,000 kwa mwaka, lilitoza VAT ya Uingereza ya asilimia 20 na mambo yakaishia hapo. Hakukuwa na forodha wala fomu, na msafirishaji hakudai kitu mlangoni.

Kuanzia Januari 1, 2021, kitendo kilekile kikawa na jina jingine kisheria: usafirishaji nje upande wa Uingereza, uingizaji upande wa Ayalandi. Tovuti ikabaki ilivyo. Ile bei ya yuro 240 ina VAT ya asilimia 20 ndani yake, hivyo koti lenyewe ni yuro 200 na kodi ni 40. Kwenye usafirishaji wa 12 mna yuro 10 za kazi na 2 za kodi. Jumla, kodi ya Uingereza iliyokaa ndani ya malipo ni yuro 42.

Hesabu iliyopaswa kuwa

Duka lilipaswa kudai yuro 210 tu, mradi koti linaondoka Uingereza ndani ya miezi mitatu na duka linatunza ushahidi wa kuondoka kwake. Kwa duka la mtandaoni ushahidi huo si kazi ngumu, kwani nyaraka za msafirishaji zinatosha.

Koti likifika Ayalandi, forodha inachukua 210 kama thamani ya forodha. Nguo za watu wazima zinatozwa ushuru wa asilimia 12 katika Umoja wa Ulaya, yaani yuro 25.20. Kisha VAT ya Ayalandi, asilimia 23, haitozwi kwenye 210. Inatozwa kwenye 210 pamoja na ushuru, yaani 235.20, kwa sababu agizo la VAT la Umoja huo (namba 2006/112) linataka ushuru na gharama za usafirishaji viingizwe kwenye msingi wa kodi ya uingizaji. VAT inakuwa yuro 54.10, na koti linasimama kwenye yuro 289.30.

Sasa tuangalie kilichotokea. Thamani iliyoandikwa kwenye fomu ya forodha ni 252, kwa kuwa ndiyo pesa iliyolipwa. Ushuru ukawa 30.24. Msingi wa VAT ukawa 282.24, na VAT ikawa 64.92. Jumla ni 347.16, na tofauti na hesabu sahihi ni yuro 57.86.

Ukiifungua tofauti hiyo utaona kwamba ni zaidi ya "kodi mbili" ambazo mnunuzi analalamikia. Yuro 42 ni VAT ya Uingereza ambayo haikupaswa kuwepo. Yuro 5.04 ni ushuru uliotozwa juu ya kodi hiyo. Yuro 10.82 ni VAT ya Ayalandi iliyotozwa juu ya hivyo vyote viwili. Kosa la 42 limezaa karibu 16 nyingine, na kila moja imeingia mfuko tofauti.

Je, forodha ya Ayalandi ilikosea kutoza juu ya kodi ya Uingereza? Hapana. Ibara ya 7 ya GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara, aya ya 3, inasema thamani ya forodha isihesabu kodi ya ndani ya nchi inakotoka bidhaa pale ambapo bidhaa imesamehewa kodi hiyo, au kodi hiyo imerudishwa au itarudishwa. Sharti ni hilo. Kodi isiposamehewa na isiporudishwa, inabaki kuwa sehemu ya bei. Ofisa wa forodha anayeona ankara ya 252 hana sababu ya kudhani kwamba 42 kati yake ni kosa la mtu.

Kuhusu ushuru, mnunuzi alikuwa na hoja nyingine, kwamba Uingereza na Umoja wa Ulaya wana mkataba wa biashara usio na ushuru. Ni kweli, lakini mkataba huo unaangalia asili ya bidhaa, hauangalii ghala ilimolala. Koti lililoshonwa China halibadiliki kuwa la Kiingereza kwa kukaa rafu ya Manchester. Uwezekano mkubwa lilishalipiwa ushuru lilipoingia Uingereza, na sasa limelipiwa tena Ayalandi. Inauma, lakini ni halali, na hizo yuro 25.20 hazirudi.

Mstari mmoja kwenye ankara

Sehemu ya kisa hiki inayonivutia zaidi ni ile ambayo mnunuzi hakuiona kabisa. Zile yuro 42 ziko wapi?

Kuna uwezekano wa aina mbili, na ankara ndiyo inayoutofautisha. Kama ankara ina mstari unaosema "VAT asilimia 20: 42", basi duka linadaiwa kiasi hicho na mamlaka ya mapato ya Uingereza, hata kama mauzo yalistahili kiwango sifuri. Aliyeandika kodi kwenye ankara anaidaiwa, kwa sababu tu ameiandika. Hapo duka halijafaidika kitu. Limekusanya kodi isiyohitajika na kuipeleka serikalini, na kuirudisha kunahitaji litoe hati ya kusahihisha ankara, limrudishie mteja, kisha lirekebishe ritani yake, yaani taarifa ya kodi linayoiwasilisha serikalini.

Uwezekano wa pili haupendezi. Ankara inaonyesha 252 tu, bila mstari wa kodi, na ndani ya vitabu vyake mhasibu wa duka ameingiza mauzo haya kama mauzo ya nje ya kiwango sifuri. Kwa serikali kila kitu kiko sawa. Ila bei haikushuka, na zile 42 zimegeuka faida ya duka. Je, ni kosa la kodi? Hapana. Sheria ya VAT inamwambia muuzaji adaiwe kiasi gani na serikali. Haimlazimishi kumshushia mteja bei. Muuzaji yuko huru kuuza koti kwa 252 popote duniani, na kama yote ni yake, ni yake. Kinachobaki ni yale maneno mawili ya "kodi imejumuishwa". Kama kodi haikuwepo, maneno hayo ni ya uongo, na hilo ni suala la sheria ya kumlinda mlaji. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya haki za walaji (agizo 2011/83) inamtaka mfanyabiashara aonyeshe jumla ya bei pamoja na kodi kabla mteja hajajifunga. Mteja wa Dublin aliyesoma "kodi imejumuishwa" kwenye tovuti inayouza kwa yuro ana kila sababu ya kuamini kwamba ni kodi yake.

Ndiyo maana ningeanza na ankara kabla ya malalamiko yoyote. Risiti ya benki haisemi kitu hapa.

Mnunuzi alitaka kuiandikia moja kwa moja mamlaka ya mapato ya Uingereza adai pesa yake. Hatapata. Yeye hajasajiliwa huko, na kwa macho ya mamlaka hiyo aliyelipa kodi ni duka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililieleza jambo hili vizuri mwaka 2007 katika kesi ya Reemtsma: kampuni ya Kijerumani ilikuwa imetozwa kimakosa VAT ya Italia kwenye huduma za matangazo, ikataka Italia irudishe. Mahakama ikasema inatosha nchi kumruhusu muuzaji adai kodi serikalini na mnunuzi amdai muuzaji. Mlango wa kwenda serikalini moja kwa moja hufunguka tu pale ambapo kumdai muuzaji kumekuwa hakuwezekani au kugumu mno, mfano muuzaji amefilisika. Uingereza haimo tena katika Umoja huo, kwa hiyo siichukui kesi hiyo kama fimbo ya kuichapia. Naileta kwa sababu njia inayoelekeza ni ileile: mnunuzi kwa muuzaji, muuzaji kwa serikali.

Koti lilelile kwa njia nyingine

Ukitaka kujua matokeo haya yametegemea nini, badilisha jambo moja moja.

Koti lingekuwa na bei ya yuro 150 au chini yake kabla ya kodi na usafirishaji, duka lingeweza kujisajili kwenye IOSS, mfumo wa Umoja wa Ulaya wa muuzaji kukusanya VAT ya uingizaji mapema, ulioanza Julai 1, 2021, siku ileile Umoja wa Ulaya ulipofuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya hadi yuro 22. Hapo VAT ya Ayalandi inatozwa wakati wa kulipia, na kifurushi kinapita bila kudaiwa kitu mlangoni. Hadi mwaka 2025 ushuru nao haukutozwa chini ya kiwango hicho. Mwezi Novemba 2025 mawaziri wa fedha wa Umoja huo walikubaliana kuifuta nafuu hiyo ya ushuru. Na kuligawa agizo moja katika vifurushi viwili ili kila kimoja kiwe chini ya 150 ni ujanja wa zamani usiosaidia: vikitumwa pamoja na mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, forodha huvihesabu kama mzigo mmoja.

Mnunuzi angekuwa mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT Ayalandi, zile 64.92 za VAT ya Ayalandi zisingekuwa na uzito. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara huko huruhusiwa kuiingiza VAT ya uingizaji kwenye ritani na kuikata papo hapo bila pesa kutoka mfukoni. Lakini 42 za Uingereza zingebaki zimekwama, maana huwezi kukata kwenye ritani ya Ayalandi kodi ya nchi nyingine.

Koti lingekuwa la mtoto mdogo, VAT ingekuwa sifuri pande zote mbili, kwani Uingereza na Ayalandi zote huzitoza nguo za watoto kiwango sifuri, na kodi ya uingizaji hufuata kiwango ambacho bidhaa ingetozwa ikiuzwa ndani. Ushuru ungedaiwa hata hivyo.

Ghala lingekuwa Belfast badala ya Manchester, tungekuwa na kisa kingine kabisa. Kwa bidhaa, Ayalandi Kaskazini imebaki ndani ya kanuni za VAT na forodha za Ulaya, ingawa ni sehemu ya Uingereza. Koti lililokwisha kuingizwa huko kwa utaratibu kamili lingeshuka Dublin bila forodha, likiwa na VAT ya asilimia 23 iliyotozwa na muuzaji, au 20 kama muuzaji ni mdogo na mauzo yake ya namna hiyo ndani ya Ulaya hayajavuka yuro 10,000.

Na ajabu kuliko zote: mnunuzi angepanda ndege, aingie dukani Manchester, alipe yuro 240 na arudi na koti mkononi, lingemgharimu 240 hizohizo. Uingereza isingemrudishia VAT, kwa kuwa mpango wa kuwarudishia wageni ulifutwa huko Januari 2021 (Ayalandi Kaskazini unaendelea). Ayalandi nayo isingemtoza, kwa kuwa msafiri wa ndege au meli anaruhusiwa kuingia na bidhaa za hadi yuro 430 bila kodi. Kanuni ya kwamba kodi ni ya nchi ya mlaji inakufa kabisa ndani ya sanduku la msafiri. Hakuna aliyeona inafaa kuwapekua watu kwa ajili ya koti.

Anachoweza kurudishiwa

Kama hajalivaa na bado yuko ndani ya siku 14 za kubadili nia, njia safi ni kulirudisha. Kwa ununuzi wa mbali, forodha hukubali tamko la uingizaji libatilishwe bidhaa ikirudishwa kwa muuzaji, mradi maombi yamefika ndani ya siku 90. Ushuru na VAT hurudi. Ada ya msafirishaji hairudi. Ile si kodi, ni malipo ya kazi.

Akilibakisha, anadai mambo mawili kwa watu wawili, na utaratibu una maana. Kwanza duka: ankara kamili, halafu marejesho ya yuro 42. Pili forodha ya Ayalandi: zile 15.86 zilizozaliwa na kosa (5.04 za ushuru na 10.82 za VAT), ambapo kwa upande wa ushuru uliozidi sheria ya forodha ya Ulaya inampa miaka mitatu.

Hapa ndipo ningemwonya. Maduka mengi yakibanwa hutuma pesa na ujumbe wa upole: pole kwa usumbufu, pokea yuro 42. Akiipokea hivyo, ameipata 42 na amejifungia mlango wa 15.86. Zawadi ya kumtuliza mteja, iliyotolewa baada ya koti kuingia nchini, haibadilishi bei iliyokuwepo siku ya kuingia, na forodha haitaigusa thamani. Anachohitaji ni hati ya kusahihisha ankara inayosema wazi kwamba VAT ya Uingereza ilitozwa kimakosa tangu mwanzo, kwamba mauzo yalikuwa ya nje na ya kiwango sifuri, na kwamba bei ya koti na usafirishaji ni yuro 210. Kwa karatasi hiyo ana hoja ya kusimamia chini ya kanuni ileile ya GATT, kwamba kodi iliyorudishwa haimo kwenye thamani. Amwandikie muuzaji sentensi hizo tatu, aombe zirudishwe kwenye karatasi yenye namba ya ankara ya mwanzo, na asikubali pesa kabla ya karatasi.